Usiniulize Nimeokota Wapi

Mwaka jana niliweka kazi tatu kwenye maonyesho ya pamoja kule kisiwani. Ya kwanza ilikuwa picha ya akriliki: mama anasuka makuti mlangoni kwake, jua la saa kumi limemwangukia begani. Miezi mitatu. Bega lile pekee nililifuta mara nne. Ya pili ilikuwa kinyago kidogo cha mwarubaini, kazi ya wiki tano. Ya tatu, wallahi, niliifanya usiku mmoja baada ya kuambiwa ukuta wangu una nafasi tupu: ndara kuukuu nilizozitoa kwenye matope ya mikoko hapa Jomvu Kuu, nikazipigilia misumari juu ya ubao.

Nadhani ushajua ni ipi iliyopigwa picha usiku kucha.

"Kaka, hizi umeokota wapi?" Hilo ndilo lililokuwa swali la jioni nzima. Nikijibu "ufuoni kwetu", mtu anatikisa kichwa polepole kama niliyemsomea dua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza bega lile nimelipataje. Na kikaratasi cha maelezo kilichobandikwa ukutani kilikuwa kishaandikwa kabla sijafika: msanii huyu anapata msukumo wake kutoka kwa taka za mtaa anaoishi. Mimi huyo. Nimezaliwa kwenye mji wenye misikiti, mikoko, mashairi na harusi za siku tatu, halafu msukumo wangu ni taka.

Haya si malalamiko ya mtu aliyekosa mnunuzi. Ile ya ndara iliuzika, na ganji niliipokea kwa mikono miwili. Ninachopinga ni tabia ambayo sasa imekuwa sheria isiyoandikwa: msanii wa mtaa kama wetu anatakiwa aeleze alichookota, si anachokijua. Tukiikubali sheria hiyo, tutakuwa tumeuza kitu kikubwa kuliko picha.

Kwa asiyetujua: Jomvu Kuu si kituo cha matatu tu. Ni mji wa kale wa Wajomvu, mojawapo ya Miji Tisa ya Waswahili wa Mombasa. Mbele yetu ni mkono wa bahari wenye mikoko. Nyuma yetu ni barabara ya Nairobi na malori yake, na hapo Miritini ni stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa 2017. Maji yakijaa yanatuletea chupa na ndara za watu tusiowajua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini chupa hazikuambiwa. Maji yakitoka, vyote vinabaki vimenasa kwenye mizizi.

Sasa fikiria upande wa pili. Mikebe ya rangi inashuka Kilindini ndani ya kontena, inapita karibu kabisa na kitanda changu, inafika Nairobi, inapangwa kwenye rafu ya duka. Halafu mimi, niliyeisikia ikipita usiku, naiagiza irudi kwa basi, bei yake imepanda na nauli juu. Hilo ndilo jibu la kweli la swali la "malighafi". Anayechora kwa ndara huku kwetu, mara nyingi hakuziota ndotoni. Alipiga hesabu. Lakini hesabu haipendezi kwenye maonyesho, kwa hivyo inavalishwa kanzu na kuitwa falsafa.

Kuna watu wanaojua hesabu hii kuliko sisi wote, nao hatuwaiti hata wasanii. Panda matatu hadi Changamwe, ushike njia ya Port Reitz, uingie kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba uliopo pale tangu miaka ya sitini. Utasikia tezo kabla hujaona mtu. Chini ya mabanda wamekaa wachongaji, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Mzee mmoja pale ndiye aliyenifunza kushika tezo. Simtaji jina kwa sababu alinikataza. Alisema akitaka kutajwa, atatajwa kwenye kazi yake, si kwenye maneno yangu.

Muulize mzee kama huyo kuhusu malighafi, utakaa hadi magharibi. Atakwambia juu ya muhugu, mti mzito wenye harufu nzuri, uliochongwa hadi ukaanza kuadimika misituni. Atakwambia juu ya mpingo, ambao hauna haraka ya kukua na hauwezi kuhimizwa. Tangu miaka ya 1990 mashirika ya uhifadhi, WWF na UNESCO miongoni mwao, yalianza kuwahimiza wachongaji wa Kenya waiache miti hiyo na kushika mwarubaini, mwembe na mjakaranda. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Marufuku ile ilidumu hadi 2023.

Kuokoa misitu ni jambo jema, sibishani nalo. Ila hebu tuulize nani aligharamika. Mwarubaini si muhugu. Ukiuchonga mbichi ukauacha juani, unapasuka, na kazi ya siku nne inakuwa kuni. Mtu aliyechonga muhugu miaka ishirini ilibidi aanze upya: ajue kuukausha kivulini, ajue ufa utapita wapi kabla haujapita, ajue tezo inaruka wapi. Mkono mzima ulijifunza lugha mpya, bila ada ya shule kulipwa na yeyote. Hicho ndicho watu wa makaratasi wanakiita "mchakato wa ubunifu". Mzee yeye anakiita kazi.

Halafu anakuja mgeni. Anauliza: "Huu ni mti gani? Ni mpingo kweli?" (Mara nyingine si mpingo, ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, na hilo nalo lina ufundi wake.) Anauliza ni mnyama gani. Anauliza bei, anaikata nusu. Haulizi ni nani. Twiga anapanda ndege kwenda Ujerumani akiwa na jina la nchi na la mti, mchongaji akiwa hana jina.

Umeona sasa? Swali la "umeokota wapi" na swali la "huu ni mti gani" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanatazama kitu na kumruka mtu.

Najua kuna atakayeniambia, "Acha kiburi, taka zimetengeneza kazi kubwa." Ni kweli, na mfano bora uko hapa hapa pwani. Mwaka 2018 kule Lamu ilishushwa majini jahazi iliyotengenezwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa na kuvalishwa ndara elfu thelathini. Mwanzo wa 2019 ilisafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Dunia nzima iliiona, na karibu kila kichwa cha habari kilisema plastiki, ndara, rangi za kupendeza. Lakini plastiki haijui kuelea kwa umbo la jahazi. Fundi Ali Skanda na wenzake ndio walioichonga kama mbao, kwa ujuzi wa kuunda majahazi ambao Lamu imeurithishana vizazi kwa vizazi. Ondoa ndara zote, ujuzi ule bado utaunda jahazi. Ondoa ujuzi, utabaki na rundo la ndara, kama lile la ubao wangu.

Tazama na Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968, Dar es Salaam, alianza kupaka picha kwenye vipande vya mbao za kushindilia, kwa rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli na milango. Alitumia alichoweza kukinunua. Alikufa 1972, miaka minne tu tangu aanze. Leo ukiona chui mwenye madoa yanayong'aa huulizi kama ni rangi ya baiskeli. Unasema, hii ni Tingatinga. Jina la mtu limekuwa jina la mtindo. Rangi ya bei rahisi ilikuwa mlango tu, aliyeingia alikuwa yeye.

Au chukua lubugo, gome la mtuba ambalo mafundi wa Buganda hulipondaponda hadi linakuwa kitambaa. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alikutana nalo kwenye soko la watalii jijini, likiuzwa vipande vipande vya kuwekea vikombe. Leo anachora juu yake, na picha zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya Ulaya na Marekani. Gome ni lile lile. Sokoni halikuwa na jina la mtu, kwa hivyo likawekewa kikombe. Na aliyeliponda hadi leo bado hatajwi, ukutani wala mezani.

Kwa hivyo jamani, vijana wenzangu mnaosoma hapa, mnaopiga picha kwenye maonyesho, mnaoandika maelezo ya kazi za watu, na ninyi mnaotoa pesa za miradi: tubadilishe maswali. Msanii si fagio la kaunti. Kusafisha mkono wa bahari ni kazi ya wanaotengeneza chupa na ya wanaolipwa mishahara kuzizoa. Nikitaka kutumia ndara, nitazitumia kwa sababu rangi yake iliyochujuka inanipa buluu nisiyoipata dukani, si kwa sababu fomu ya ufadhili ina kisanduku cha mazingira.

Mnaotoa pesa, ulizeni rangi ni shilingi ngapi kabla ya kuuliza "simulizi" ni gani. Mnaoandika, andikeni kazi ilichukua muda gani na ilifunzwa na nani. Mnaonunua, mkienda Changamwe mwulizeni mchongaji jina lake, mwambieni alikate kwa kisu chini ya kwato za twiga, mlipe na hilo jina. Akikataa kama mzee wangu, ni haki yake. Lakini aulizwe.

Na sisi wasanii tujilaumu pia. Nilisimama jioni nzima mbele ya ndara zile nikijibu "ufuoni kwetu, ufuoni kwetu", kwa sababu jibu lile lilikuwa linauza. Ningeweza kumshika mtu mkono nikamsogeza hatua tatu kushoto, nikamwonyesha bega la mama yule. Sikufanya hivyo.

Mwezi ujao nina maonyesho mengine, madogo, hapa hapa upande wetu wa barabara. Picha ya mama inarudi. Kikaratasi nimekiandika mwenyewe, kwa mkono: Mama anasuka makuti, Jomvu Kuu. Akriliki juu ya turubai. Miezi mitatu. Bega limefutwa mara nne.