Kengele ya Bweni

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya kengele ya hatari iliyotengenezwa na wenzetu wa klabu ya sayansi. Siku ya wazazi iliwekwa mezani, wazazi wakabonyeza kitufe, ikalia, wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, lakini sikuridhika.

Kwa wale ambao hawakuwapo, hii ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, hasa kwa ajili ya vijana wanaojifunza kuandika programu. Ubavuni ina pini 40. Pini moja imeungwa na kitufe, nyingine na baza, na mistari michache ya Python huamuru kwamba kitufe kikibonyezwa baza ilie. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza, kompyuta ya nini? Betri, swichi na kengele havitoshi? Kwa kulia tu vyatosha kabisa, tena ni rahisi.

Lakini mimi nalala katika bweni lililo mbali na nyumba ya mlezi. Muhula uliopita mwenzetu alishikwa na homa usiku wa manane, mvua inanyesha, nasi tukakimbia gizani kwenda kugonga mlango. Hiyo ilikuwa homa. Shauritanga, huko Rombo, mwaka 1994 ulikuwa moto, wakafa wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, mwaka 2009 walikufa 12. Wote walikuwa wamelala bwenini, kama sisi tulalavyo hapa Korogwe.

Sasa nitaje kasoro niliyoiona. Kitufe chetu hufunga njia ya umeme kinapobonyezwa. Je, panya akila waya? Ubao hautajua lolote, maana kwake waya uliokatika na usiku wa amani ni mamoja. Tutalala tukiitegemea kengele iliyokwisha kufa. Heri tungalikuwa hatuna, tungejua kwamba sharti tukimbie.

Dawa yake si ngumu. Kitumike kitufe kinachofunga njia wakati wote na kuikata kinapobonyezwa. Rezista iliyomo ndani ya ubao huivuta pini kwenye volti 3.3, na waya wa kitufe huishikilia kwenye sifuri. Mtu akibonyeza, au panya akitafuna, pini hupanda na kengele hulia. Na hapa ndipo kompyuta inapostahili mahali pake: kila bweni litakuwa na pini yake, na mlezi ataona ni bweni gani linaloita, na saa ngapi. Wale wanaohofu watundu watakaobonyeza kwa mzaha nao wamejibiwa hapo hapo.

Tena sauti ni ndogo mno. Likizo nilipokuwa nyumbani Handeni nilimweleza mjomba wangu, fundi wa pikipiki. Akacheka, akasema, “Mjomba, hiyo ni nyenje. Zamani mbiu ya pembe ikilia, kijiji kizima kilitoka.” Akanionyesha honi ya bodaboda ya volti 12. Pini ya ubao haifai kubebeshwa zaidi ya miliampia 16, kwa hiyo haiwezi kuiliza honi moja kwa moja; huhitaji transista na rilei katikati. Betri hiyo hiyo ya volti 12, ikichajiwa kwa sola, yaweza kuulisha na ubao kupitia kipunguza volti, maana umeme ukikatika usiku kompyuta nayo huzimika. Na programu iandaliwe ianze yenyewe ubao unapowaka, si kungoja mtu wa klabu aje na kicharazio.

Siku ya wazazi ijayo naomba wageni wasipewe kitufe wabonyeze. Waya uvutwe kutoka bwenini kwetu hadi kwa mlezi, nao wapewe mkasi waukate popote wapendapo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu