Mlango Umefungwa, Mwenzio Yuko Ndani

Mwezi huu nawapeleka Guangzhou, Uchina, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaujua nje ndani. Mimi na mume wangu tulikwenda mwaka 2019. Yeye alifuata mzigo wa duka, mimi nilimsindikiza na, niseme ukweli, nilitaka tupate muda wa kuwa wawili tu.

Siku ya tatu tukanuniana. Kisa? Teksi! Mimi naitaka, yeye anasema treni ya chini ya ardhi nauli inaanzia yuan 2, teksi ya nini? Kwa hesabu za pesa alikuwa sahihi. Treni zile zilianza mwaka 1997 na leo njia zake zimepita kilometa 600. Unabonyeza mashine, inakupa kidude cha plastiki cha duara kama sarafu. Ukiingia unakigusisha getini, ukitoka unakitumbukiza, na kila mtu lazima awe na chake. Majina ya vituo yapo pia kwa herufi tunazosoma, njia zina namba na rangi, hata milango ya kutokea ina herufi zake. Yaani kupotea ni kazi.

Sisi tukapotezana hivyo hivyo. Ilikuwa saa 12 jioni, kituo cha Zhujiang New Town, tunahama njia ya 3 kwenda ya 5. Watu nyomi! Yeye mbele, mimi nyuma, makusudi, maana hatuongei. Akaingia, mlango ukajifunga mbele ya pua yangu. Nikamwona nyuma ya kioo ananionyesha kidole chini. Nisubiri hapo au nishuke kituo kinachofuata? Treni ikaondoka.

Simu yangu haikuwa na laini ya kule, na WhatsApp haifunguki Uchina bila VPN. Pasipoti zote mbili ziko kwenye begi lake. Nikasubiri dakika kama 10, hasira ikaanza kuninong'oneza: huyu ameamua kunikomoa. Nikapanda hadi Wuyangcun, kituo kinachofuata. Hayupo. Nikaenda mpaka Xiaobei, ilipo hoteli yetu. Hayupo. Nikakaa mapokezi, machozi yananilengalenga, hotuba ya kumpasha nimeshaipanga.

Alitokea saa 2 na nusu usiku, shati limelowa jasho. Kumbe alishuka Wuyangcun, akarudi kunifuata, tukapishana. Akazunguka kituo kizima akinitafuta, akimwonyesha kila mlinzi picha yangu kwenye simu.

"Mke wangu, si nilikuambia usibanduke pale?"

Hotuba ikayeyuka. Muda wote ule yeye aliwaza nimepotea, mimi niliwaza ameniacha. Usiku sikulala vizuri. Tangu lini nimeanza kumdhania mabaya kwanza mtu niliyemchagua mwenyewe? Asubuhi nikamwambia hivyo hivyo. Alikaa kimya, halafu akasema na yeye ana lake: kule kutembea mbele alifanya kusudi, ili nimkimbilie. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Kwa mnaojiandaa kwenda na wapenzi wenu, siku hizi mnaweza kulipa nauli kwa simu kupitia Alipay, kwa hiyo simu ikizima umekwama. Tembeeni na chaji. Kila mmoja awe na laini inayofanya kazi, pasipoti yake, na kadi ya hoteli iliyoandikwa Kichina. Halafu wekeni makubaliano kabla ya kutoka chumbani: aliyebaki hasogei, aliyebebwa na treni anashuka kituo kinachofuata na kurudi.

Na kama mmenuniana, nuneni, ila mmeshikana mikono. Tukutane mwezi ujao!