Gari Lako: Taa ya Njano ni Mashtaka, Si Hukumu

Leo tunapenda kumtazama mtumishi mmoja mdogo sana ndani ya gari ambaye akiugua, au akisingiziwa ugonjwa, humwingiza mwenye gari katika gharama kubwa. Mtumishi huyo ni sensa ya shinikizo la breki.

Kwanza tuifahamu kazi yake. Dereva akanyagapo pedali, pampu kuu husukuma mafuta ya breki katika mabomba hadi kwenye magurudumu. Sensa hupima nguvu ya msukumo huo, ikaigeuza kuwa umeme mdogo na kuipelekea habari kompyuta ya gari. Kompyuta huitumia habari hiyo katika mtambo wa kulizuia gari lisiserereke, mtambo ambao makampuni ya Bosch na Mercedes-Benz yaliutoa mwaka 1995, na ambao leo umo katika magari mengi ya kawaida. Habari isipofika, au ikifika isiyoaminika, kompyuta huuzima mtambo na kuwasha taa ya njano mbele ya dereva.

Hapana budi kutofautisha taa mbili. Taa nyekundu ya breki ikiwaka ilhali breki ya mkono imeachiwa, au pedali ikizama chini, lisimamishe gari mahali salama wala usiendelee na safari. Huenda mafuta ya breki yanavuja. Taa ya njano peke yake kwa kawaida humaanisha kwamba breki zenyewe zingali zikishika, lakini msaada wa kompyuta umeondoka. Siku ya mvua, barabara ikiteleza na watoto wamo garini, msaada huo waweza kuokoa roho. Kwa hiyo si taa ya kuzibwa kwa karatasi wala ya kung'olewa balbu.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Wahenga wametuambia kuwa msema pweke hakosi. Fundi huunganisha mashine yake, ikatoka namba ya hitilafu, kwa mfano 01435 katika Volkswagen Golf ya kizazi cha nne yenye mtambo huo, au C1246 katika Toyota, na papo hapo mwenye gari akaambiwa anunue kifaa kipya. Namba hiyo ni mashtaka tu. Yasema kwamba kompyuta haikuridhika na habari za shinikizo; haisemi ni nani aliyeziharibu.

Shahidi wa kwanza wa kuhojiwa ni swichi ya taa za breki. Kompyuta hulinganisha maneno ya swichi na maneno ya sensa. Swichi ikisema kuwa mguu haupo juu ya pedali, huku sensa ikisema mafuta yanasukumwa kwa nguvu, lawama yaweza kumwangukia asiye na kosa. Jaribio lake halina gharama: mwenzako asimame nyuma ya gari, nawe ukanyage na kuachia pedali mara kadhaa. Taa za nyuma ziwake kila unapokanyaga, na zizimike kila unapoachia. Zikisitasita, anzia hapo.

Shahidi wa pili ni betri. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, huonyesha kama volti 12.6; injini ikiwaka, mita isome baina ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Umeme ukipungua, kompyuta huweza kulalamikia vifaa vizima.

Baada ya hapo, fundi aandike namba ya hitilafu kabla ya kuifuta, kisha aitazame mashine yake wakati pedali ikikanyagwa. Mguu ukiwa mbali, shinikizo liwe karibu na sufuri. Likanyagwapo pole pole, lipande bila kurukaruka. Likiachiwa, lishuke tena. Likiganda mahali pamoja, au likionyesha msukumo ilhali hakuna aliyekanyaga, shaka sasa ina msingi.

Pale ambapo sensa imesimama peke yake na ina nyaya tatu, akague soketi kama ina kutu au unyevu, kisha apime kwa mita. Katika magari mengi waya mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa ardhi, na wa tatu hurudisha habari, kama nusu volti pedali ikiwa huru. Volti 5 zisipofika, ubovu u katika nyaya au kompyuta, na kuibadili sensa ni kutupa fedha. Vipimo halisi vitazamwe katika kitabu cha gari lenyewe.

Uangalifu huu una sababu. Katika magari mengi sensa imejengwa ndani ya mtambo mzima wa breki, na kuibadili ni kuubadili mtambo wote. Mfanyakazi aweza kutoa mishahara ya miezi kadhaa kwa kosa la swichi ndogo.

Ikithibitika kuwa sensa ndiyo mbovu, ibadilishwe bila kuahirisha. Bomba la breki likifunguliwa, upepo utolewe wote; na gari likihitaji, sufuri ya sensa isahihishwe kwa mashine. Kisha gari lijaribiwe mahali peupe, mwendo mdogo, kabla ya kupakia familia. Mwenye gari anayo haki ya kumwuliza fundi: umepima nini, na umeona nini? Fundi mwema hatachukia swali hilo.