Usimcheke, shika testa

Vijana wenzangu, tuache hii tabia. Juzi hapa Jinja dada yetu mmoja, mwanafunzi tu, alishona spika ndogo na vitufe kwenye mkanda, apige muziki akicheza. Akisimama inalia, akiruka kimya. Watu wakacheka: "Nunua ingine!" Kwa hela gani? Tulipima betri, iko sawa. Tukakunja mkanda: uzi wa chanya unagusa wa hasi. Hapo hata betri ingeungua! Tukatia kitambaa katikati, ikalia. Kule Mbale, kwenye Imbalu, vijana wanavaa njuga, mwili wenyewe unapiga muziki. Nani anawauliza cheti? Basi kitu kikikataa, pima kimoja kimoja. Kicheko hakijawahi kutengeneza waya.