WENYE MITAJI WAMEKWISHA KUUNGANA: SISI JE?



Wakulima wa Mutuka na wa Babati yote wanaukumbuka mwaka 2017. Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, na bei huku kwetu ikaporomoka. Aliyepanda kwa matumaini alibaki na magunia ndani. Hapakuwa na meza ambapo angeketi na kuuliza sababu. Jambo lililogusa ada ya watoto wake liliamuliwa mbali, naye hakuwa na msemaji.

Tangu hapo tumeambiwa mara nyingi kwamba dawa ya shida zetu ni mtaji: aje mwekezaji, anunue hisa katika kiwanda cha kukamua alizeti, nasi sote tutaneemeka. Hatupingi mtaji. Tunalolipinga ni ukimya juu ya swali hili: nani anausemea mtaji huo, na nani anamsemea mkulima?

1. Hao wenye mitaji ni akina nani?

Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kukusanya fedha za matajiri, za benki za maendeleo na za mifuko ya pensheni, kisha kununua hisa katika biashara zisizouzwa kwenye soko la hisa. Nyingine huingia katika biashara changa. Nyingine hununua hospitali, shule na viwanda vilivyokwisha kukomaa. Kwa kawaida mfuko mmoja huishi miaka kumi hivi. Msimamizi wake hulipwa ada, mara nyingi karibu asilimia 2 ya fedha kila mwaka, tena hupata karibu asilimia 20 ya faida. Baada ya miaka michache hisa huuzwa, naye huondoka. Mkulima hupanda akijua kwamba mjukuu wake atalilima shamba lile lile. Msimamizi wa mfuko hununua akiwa amekwisha kuifikiria siku ya kuuza.

Tangu mwaka 2013 kampuni hizo zina chama chao cha Afrika Mashariki, kijulikanacho kwa kifupi kama EAVCA, chenye makao Nairobi. Kazi yake ni kuzisemea mbele ya serikali, kukusanya takwimu, kutoa mafunzo, na kuwakutanisha wenye fedha na wenye biashara. Kodi na kanuni zinapojadiliwa, wenye chama hufika na hoja zilizoandikwa. Asiye na chama huyasikia matokeo redioni.

2. Je, ni dhambi kuungana?

La, hasha. Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII aliitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Hatuwezi kumdaia mfanyakazi haki hiyo na kumnyima mwenye mali. Wala hatukubaliani na wanaosema kwamba kila mwenye mtaji ni mwizi. Katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba faida ina nafasi yake halali, ila akakataa iwe kipimo pekee cha biashara. Miaka kumi kabla ya hapo, katika Laborem Exercens, alikuwa amefundisha kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa kuwa mtu hutangulia vitu.

Ubaya unaanza pale upande mmoja unapoungana huku mwingine umetawanyika. Hapo amri ya mwenye nguvu hupewa jina la makubaliano. Papa Pius XI aliliona hilo mwaka 1931. Katika Quadragesimo Anno alionya juu ya nguvu za uchumi kurundikana mikononi mwa wachache ambao mara nyingi hata si wamiliki, bali wasimamizi tu wa fedha za watu wengine.

3. Fedha hizo ni za nani?

Nchini Kenya, tangu mwaka 2015, kanuni zinairuhusu mifuko ya pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali yake katika mitaji ya aina hii. Maana yake ni kwamba jasho la mwalimu na la muuguzi linaweza kununua hospitali ambayo yeye mwenyewe hatamudu kutibiwa. Fedha ni zake. Sauti si yake.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2018. Kampuni ya Abraaj ya Dubai, iliyokuwa na mfuko wa afya wa dola bilioni 1 na hisa katika hospitali za Nairobi, ilianguka baada ya wawekezaji wake, Taasisi ya Bill na Melinda Gates ikiwa mmojawapo, kuhoji fedha zao zilikokwenda. Mwaka 2019 wasimamizi wa fedha wa Dubai waliitoza faini ya karibu dola milioni 315. Mwekezaji mkubwa aliajiri wakaguzi, akapata majibu. Mgonjwa na muuguzi wangemwajiri nani?

Hata hapa nchini tumeona. Shamba la mpunga la Mngeta, bonde la Kilombero, lenye zaidi ya hekta 5,000, lilivutia mitaji ya nje, ukiwamo mfuko wa serikali ya Norway. Mwaka 2019 kampuni iliyoliendesha ilishindwa kulipa madeni yake. Mwenye mfuko huandika hasara vitabuni, kisha hutafuta shamba jingine. Mwanakijiji hana kijiji kingine.

4. Tunadai nini?

Kwanza, chama cha wenye mitaji kisiwe wakili tu wa wanachama wake, bali kiwe pia mlezi wao. Kiwaadhibu hadharani wanaodanganya. Kinapohesabu faida, kihesabu pia ajira na mishahara, na hali ya kila biashara baada ya hisa kuuzwa.

Pili, serikali inapowaita wenye mitaji kushauriana, iviite siku hiyo hiyo vyama vya ushirika na vya wafanyakazi.

Tatu, na hili ni letu: tuungane. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri, na mkulima akabaki bila mdomo hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Leo hakuna anayetuzuia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua hata vikundi vyetu vya VICOBA. Lakini tukiri bila kificho: mara ngapi fedha za chama zimeliwa na viongozi wetu wenyewe, wengine wakiwa wanakaa viti vya mbele kanisani? Hatuwezi kumdai mgeni hesabu tusizozitoa sisi kwa sisi.

Nehemia, alipokisikia kilio cha maskini walioweka rehani mashamba yao, hakuishia kuhuzunika. Aliitisha mkutano mkubwa, akawakabili wakopeshaji mbele ya watu wote, nao wakarudisha. Palihitajika mkutano.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Someni Nehemia 5:1–13. Katika mtaa wetu, nani analia, na nani anamsikiliza?
2. Ni lini mara ya mwisho chama chetu kilisoma hesabu zake mbele ya wanachama wote?
3. Mwekezaji akija kesho Mutuka, nani atazungumza kwa niaba yetu, na nani amemtuma?