Mwanafunzi Anayesinzia Darasani

Katika darasa la sekondari wanafunzi wawili huweza kusinzia pamoja: mmoja kwa uvivu, mwingine kwa kuwa hofu imemnyima usingizi usiku kucha. Mwalimu asiyejua kuwapambanua atawaadhibu sawasawa, na yule wa pili atazidi kuumia.

Tukumbuke yaliyowapata watoto wetu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa Beni na vijiji vyake, na jamaa nyingi zimekimbilia Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa Mangina. Hata ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200 katika sehemu zetu. Watoto walizika wazazi pasipo ruhusa ya kuwagusa. Na Juni 2023, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, huko Mpondwe, Uganda, wanafunzi zaidi ya 30 waliuawa shuleni mwao usiku.

Je, mwalimu awe mganga? La. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2011, lafundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Basi sisi walimu tutazame ni nani amenyamaza ghafula, nani hushtuka kwa kishindo kidogo, nani ameacha kucheza. Tumsikilize kwa utulivu, tusimlazimishe kusimulia, wala tusiitangaze habari yake katika chumba cha walimu. Tena tujue mapema njia ya kumfikisha kwa prefe, kwa walezi wake na kwa mganga. Akitaja kutaka kufa, tusingoje kesho, wala tusimwache peke yake.

Wengine husema kwamba sala yatosha. Sala ni lazima. Lakini nabii Elia alipoomba kufa jangwani, malaika hakumkemea. Alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale.

Mwalimu naye amekimbia, naye amezika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo mwalimu aliyelemewa aseme, na wenzake wampokee. Nanyi wazazi, katika mkutano wenu ujao ulizeni hivi: mtoto wetu akiumia nafsi, atamwendea nani shuleni, na mwalimu huyo amepewa mafunzo gani? Jibu lisipopatikana, msiondoke kabla ya kulitafuta pamoja na prefe na padri wenu.