Kazi katika Jiji la Kigali: Kiswahili ni lugha rasmi, lakini je, kinafungua mlango wa ofisi?

Kila zinapotangazwa nafasi za kazi katika Jiji la Kigali, habari huenea haraka Nyamirambo na Biryogo, mitaa ambayo Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni. Swali ni lile lile: je, kijana asiye na jamaa ofisini anaweza kuipata kazi hiyo? Kwa mujibu wa sheria, jibu ni ndiyo. Kwa vitendo, jibu hutegemea vyeti, mtihani na lugha.

Sheria ya mwaka 2019 iliyoupanga upya uongozi wa Kigali ilibadili mambo mengi. Wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge ziliondolewa hadhi ya kujitegemea kisheria na kuwekwa chini ya jiji. Hivyo Jiji la Kigali limekuwa mwajiri mmoja, kuanzia makao makuu hadi kwenye tarafa 35, likiwahudumia watu zaidi ya milioni 1.7 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022.

Hata hivyo, si kila anayeonekana kulitumikia jiji ni mwajiriwa wake. Mkuu wa mudugudu huchaguliwa na majirani zake na hufanya kazi kwa kujitolea. Wanaofagia barabara alfajiri kwa kawaida huajiriwa na kampuni zilizoshinda zabuni, na anayeitaka kazi hiyo huiomba huko. Wanaopitia ushindani wa utumishi wa umma ni wahandisi, wahasibu, maofisa wa ardhi, makatibu watendaji wa akagari na wenzao wa ngazi hizo.

Kwa nafasi hizo, maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, kupitia mfumo wa ajira wa Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi. Mwombaji hufungua akaunti yake na kupakia vyeti. Sheria inamtaka awe Mnyarwanda mwenye umri usiopungua miaka 18, mwenye sifa za kazi husika, na asiwe amehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi bila kurejeshewa haki zake. Cheti cha kuthibitisha rekodi ya jinai huombwa kupitia Irembo.

Wengi huangukia hatua ya mchujo, hata kabla ya kuiona karatasi ya mtihani. Tangazo hutaja fani za masomo zinazokubalika, na mwenye shahada ya fani nyingine huweza kuachwa hata akiwa hodari. Wanaopita hufanya mtihani wa maandishi, kisha usaili. Kufaulu huhitaji kufikisha asilimia 70 ya alama. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye orodha ya akiba, na asiyeridhika na matokeo ana haki ya kuyapinga kwa maandishi.

Waliosoma nje ya nchi wana mzigo wa ziada. Wanyarwanda wengi wanaozungumza Kiswahili walisomea Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Shahada zao huhitaji kutambuliwa rasmi na Baraza la Elimu ya Juu. Anayengoja tangazo litoke ndipo aanze kulishughulikia suala hilo huwa amechelewa. Vivyo hivyo kwa jina lililoandikwa namna moja kwenye kitambulisho na namna nyingine kwenye cheti.

Hapo ndipo linapokuja suala la lugha. Mwaka 2017 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini matangazo mengi ya kazi za umma bado hudai ufasaha wa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa, na Kiswahili hakitajwi. Anayekimudu hapati chochote kwa ustadi huo.

Ipo hoja ya upande wa pili. Karibu kila mkazi wa Kigali anaelewa Kinyarwanda, na nyaraka nyingi za ofisi huandikwa kwa Kiingereza. Lakini Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na sehemu kubwa ya shehena yake hupitia bandari ya Dar es Salaam. Dereva wa lori aliyeingia kupitia Rusumo na mfanyabiashara kutoka Kongo huhudumiwa kwa wepesi zaidi na ofisa anayeijua lugha yao.

Suala hili lina mizizi. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na Waislamu wa kambi za Waswahili walibaki pembeni mwa elimu na ofisi za serikali. Wengi wakajikita katika biashara, ushonaji na udereva. Mazoea ya kuamini kwamba ofisi ni za wengine hurithiwa, nayo humfanya kijana aliyehitimu asiombe kabisa.

Kanuni za leo hazimfungii mlango. Lakini hadi Kiswahili kitajwe katika matangazo ya kazi, urasmi wake utabaki kwenye vitabu vya sheria, na kijana wa Biryogo itambidi ashinde kwa lugha nyingine. Kwa sasa, silaha yake ni vyeti vilivyokamilika kabla ya tangazo, Kiingereza cha kutosha kuandikia mtihani, na ujasiri wa kudai haki yake matokeo yanapotia shaka.